Kubaki au Kuhama: Habari za Walimu wa Mpira wa Kikapu

Fungua daftari lako tuanze.

Leo tutajifunza historia ya watu wanaohama kazi. Mfano wetu unatoka Marekani, katika mchezo wa mpira wa kikapu. Usiseme, "Marekani ni mbali, habari hizi hazinihusu." Kama umepata kuambiwa, "Acha kazi yako, njoo kwangu, nitakulipa zaidi," habari hizi zinakuhusu.

Mchezo huu ulianzishwa na James Naismith mwezi wa Desemba, 1891, katika mji wa Springfield. Alitundika vikapu viwili vya matunda, na vijana wakashindana kutia mpira ndani yake. Baadaye mchezo ukaenea katika vyuo vikuu. Siku hizi vyuo zaidi ya 350 vinacheza katika daraja la kwanza, lakini vyuo hivyo si sawa. Viko vikubwa, vyenye viwanja vipana na fedha nyingi za televisheni. Viko pia vyuo vya kati, ambavyo fedha zao ni chache.

Tangu mwaka 1939 vyuo hushindania kombe la nchi nzima, na michezo yake mingi huchezwa mwezi wa Machi. Mwaka 2011 idadi ya timu zinazoingia ilifika 68. Timu ikishindwa mara moja tu, imetoka. Kwa sababu hiyo chuo cha kati chaweza kumshinda mkubwa kwa siku moja. Nchi nzima huona, na kesho yake watu huuliza, "Mwalimu wa timu ile ni nani?" Hapo ndipo chuo kikubwa humwita mwalimu huyo na kumpa mshahara mnono.

Sasa tazama chuo cha Butler, katika mji wa Indianapolis. Barry Collier aliiongoza timu tangu 1989 mpaka 2000, kisha akaitwa Nebraska. Thad Matta akashika kazi mwaka mmoja tu, akaenda Xavier. Akafuata Todd Lickliter. Mwaka 2007 naye aliondoka, akaenda chuo cha Iowa.

Butler walifanya nini? Hawakutafuta mtu mwenye jina. Walimpa kazi msaidizi wao, Brad Stevens, kijana wa miaka 30. Stevens alikuwa ameacha kazi nzuri katika kampuni ya madawa ili ajifunze ualimu wa mchezo kutoka chini. Mwaka 2010 aliifikisha Butler katika mchezo wa mwisho wa kombe, uliochezwa Indianapolis kwao. Duke walishinda kwa pointi 61 kwa 59. Mpira wa mwisho wa Butler, uliotupwa kutoka mbali sana, uligonga chuma cha kikapu ukaanguka nje. Mwaka 2011 Butler walifika tena mwisho, wakashindwa tena.

Na Lickliter je? Machi 2010, wakati timu aliyoiacha ilipokuwa ikipanda, Iowa walimwachisha kazi. Alikuwa amekaa miaka mitatu tu.

Sasa twende katika chuo cha Gonzaga. Mwaka 1999 mwalimu Dan Monson aliifikisha timu yake katika timu nane za mwisho. Chuo cha Minnesota kikamwita, akaenda. Huko alikuta timu yenye adhabu kwa makosa yaliyofanyika kabla yake. Mwaka 2006 alijiuzulu. Msaidizi wake, Mark Few, alirithi kazi ya Gonzaga mwaka ule ule wa 1999, naye akakaa. Alifika mchezo wa mwisho mwaka 2017 na tena 2021. Chuo kilikua pamoja naye.

Je, twaweza kusema kuhama ni kosa? Hapana. Matta alipotoka Xavier alikwenda Ohio State, akafika mchezo wa mwisho mwaka 2007. Mwaka 2022 alirudi Butler. Stevens mwenyewe aliondoka Butler mwaka 2013 kwenda kuifundisha Boston Celtics, timu ya wachezaji wa kulipwa. Wazee walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Wazee hao hao wakasema, "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu." Methali zote mbili ni za kweli, ila kila moja ina wakati wake.

Lakini yuko mtu mwingine wa kukumbukwa, naye ni mchezaji. Kijana huja chuoni kwa kumwamini mwalimu fulani. Mwalimu aliweza kuondoka mwezi wa Aprili, na Novemba akawa anafundisha timu nyingine. Kijana naye akihama, kwa miaka mingi sheria ilimlazimu kukaa mwaka mzima bila kucheza mashindano. Mkubwa alikuwa na mlango wazi, mdogo alifungiwa. Watu walinung'unika sana, na mwaka 2021 sheria ikabadilishwa: mchezaji akaruhusiwa kuhama mara moja na kucheza mara.

Basi, ndugu yangu, ukiitwa kwenye kazi kubwa zaidi, usitazame mshahara peke yake. Uliza: yule aliyekuwapo kabla yangu aliondoka kwa nini? Nitapewa muda gani? Na hawa ninaowaacha, nani atawaangalia?

Maswali ya kujadili darasani:
1. Kwa nini mwezi wa Machi huwapa jina walimu wa vyuo vya kati?
2. Lickliter na Few walitofautiana katika jambo gani?
3. Eleza habari ya mtu wa kwenu aliyehama kazi. Alipata nini, na alipoteza nini?

Kwaherini mpaka somo lijalo.