Watoto Waliookolewa na Utu Uzima Usioandaliwa: Historia ya Mpito wa Vijana Wenye Ulemavu Marekani

Hadi katikati ya karne ya 20, madaktari wa Marekani hawakuwa na sababu kubwa ya kujiuliza mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, yaani ulemavu unaotokana na uti wa mgongo kutofunga mimba ingali changa, angetibiwa wapi akishakuwa mtu mzima, kwa kuwa wengi wa watoto hao hawakuufikia umri huo. Mwaka 1956 fundi John Holter, ambaye mwanawe mwenyewe alizaliwa na hali hiyo pamoja na kichwa maji, alibuni vali ya silikoni ya kupunguza maji yanayojaa ndani ya fuvu, na daktari wa upasuaji Eugene Spitz akaanza kuitumia huko Philadelphia. Watoto wakaishi, ila hospitali zilizowaokoa zilikuwa za watoto, na hapakuwa na aliyeandaa mahali pa kuwapokea baadaye.

Upande wa elimu, sheria iliyotiwa saini na Rais Gerald Ford mwaka 1975 ilimpa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma bure katika shule za umma. Haki hiyo ilikoma kijana alipotimiza takriban miaka 21, naye aliyezoea kupata mwalimu, usafiri na tiba ya viungo shuleni kwake alilazimika kubisha hodi katika ofisi nyingi, kila moja ikiwa na masharti yake. Mwaka 1984 Madeleine Will, kiongozi wa idara ya elimu maalumu katika serikali kuu na mama wa mtoto mwenye ulemavu, alitoa waraka uliotaka serikali isimamie mpito, yaani kipindi cha kutoka shuleni kuingia katika maisha ya utu uzima, akiupima kwa ajira. Mwaka uliofuata mtaalamu Andrew Halpern alipinga kipimo hicho, na kwa haki kabisa, akisema kuwa makazi na mahusiano na watu ni sehemu ya utu uzima sawa na kazi. Sheria ya mwaka 1990 ikazilazimisha shule kumwandalia kila mwanafunzi mwenye ulemavu mpango wa mpito kabla ya kuhitimu.

Tiba haikupata sheria ya namna hiyo. Daktari Mkuu wa Serikali, C. Everett Koop, ambaye kabla ya hapo aliongoza upasuaji katika hospitali ya watoto ya Philadelphia kwa zaidi ya miaka 30, aliitisha mkutano kuhusu mpito wa vijana hao upande wa tiba mwaka 1989, na mwaka 2002 vyama vitatu vya madaktari vilikubaliana kuwa kila kijana awe na mpango wa maandishi wa kuhamia kwa daktari wa watu wazima afikapo miaka 14. Makubaliano hayo yalikuwa ushauri, nao ushauri usio na fedha wala msimamizi hauwezi kushindana na foleni ya wagonjwa. Tayari sheria ya mwaka 1996 ilikuwa imeagiza kijana anayepata posho ya ulemavu achunguzwe upya anapotimiza miaka 18, kwa vigezo vya watu wazima, umri uleule ambao kwa kawaida mzazi hupoteza mamlaka ya kumwamulia matibabu.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa takriban asilimia 17 tu ya vijana wa miaka 12 hadi 17 wenye mahitaji maalumu ya afya ndio waliokuwa wameandaliwa kuhamia kwa madaktari wa watu wazima.