Barua Inayomtafuta Mwenye Gari

Mwishoni mwa Septemba 2014, mjini Orlando, jimbo la Florida, polisi walifika penye ajali wakamkuta mwanamke kwenye kiti cha dereva cha Honda Accord nyekundu ya mwaka 2001, shingo imechanwa vibaya. Gari lenyewe halikuwa limebondeka kiasi cha kuua mtu. Majeraha yalifanana na ya kisu, hata wapelelezi wakadhani mama yule ameshambuliwa. Alifariki siku chache baadaye. Ikapita zaidi ya wiki moja, ndipo posta ikaleta barua nyumbani kwake. Ilitoka Honda, ikimsihi apeleke Accord yake ikabadilishwe kifaa cha mfuko wa hewa, bila malipo yoyote.

Kilichomchana shingo ni vipande vya chuma vilivyoruka kutoka ndani ya usukani, kwenye kifaa kilekile ambacho barua ilikuwa inakizungumzia.

Kisa hiki kimekaa nami miaka yote kwa sababu ya ile barua. Ilichelewa, lakini angalau ilijua njia ya kwenda kwake. Magari tunayoendesha huku kwetu mengi yana barua kama hiyo iliyoandikwa kwa ajili yao, na haitafika kamwe.

Mfuko wa hewa, ambao gereji nyingi huuita eabegi, hukaa umekunjwa ndani ya usukani na ndani ya dashibodi mbele ya abiria. Gari likigonga, kitambuzi hupeleka umeme kwenye kikopo cha chuma chenye vidonge vya kemikali. Vidonge vinaungua, vinatoa gesi, na mfuko unajaa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kikopo hicho ndicho moyo wa habari yote. Kwa Accord ile, na kwa mamilioni ya magari mengine, kilitengenezwa na kampuni ya Kijapani iitwayo Takata, iliyoanza mwaka 1933 kama kiwanda cha kufuma huko Shiga, ikaja kupata jina kwa mikanda ya viti, kisha ikaingia kwenye mifuko ya hewa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Takata ilihamia kwenye vidonge vya amoniamu naitreti. Ni kemikali ya bei nafuu, ileile inayotumika kwenye mbolea na kwenye baruti za kupasulia miamba migodini. Kati ya watengenezaji wakubwa wa mifuko ya hewa, Takata peke yake ndiyo iliyoitegemea hivyo, na sababu ya wenzake kuikwepa si ngumu kuielewa. Mkulima aliyewahi kuacha mfuko wa mbolea ya CAN wazi ghalani wakati wa masika anaijua tabia yake: inanyonya unyevu, inagandamana, haiwi tena ile aliyoinunua. Ndani ya kikopo, joto la mchana na baridi ya usiku huvitanua na kuvisinyaza vidonge mwaka baada ya mwaka, na unyevu ukishapenya vinakuwa na vitundu. Kidonge chenye vitundu huungua haraka mno. Gesi inazidi nguvu ya kikopo, kikopo kinapasuka, na mfuko uliowekwa kumkinga dereva unamrushia vipande vya chuma usoni na shingoni.

Dalili ya kwanza ilionekana mapema. Mwaka 2004, jimboni Alabama, mfuko wa Honda Accord ulipasuka ukamjeruhi dereva. Honda na Takata walilichukulia tukio hilo kuwa la nadra, likaachwa. Wito wa kwanza wa kurudisha magari ulikuja Novemba 2008, miaka minne baadaye, na ulihusu Accord na Civic zipatazo 4,000 tu. Mei 2009 msichana wa miaka 18 huko Oklahoma aligonga gari lingine kwenye maegesho ya shule alipokwenda kumchukua mdogo wake. Ulikuwa mgongano mdogo, lakini kipande cha chuma kilimkata mshipa wa shingo. Accord yake ya mwaka 2001 haikuwamo kwenye orodha ya yale 4,000. Wito ukapanuliwa wiki chache baada ya maziko, safari hii kwa magari zaidi ya laki nne.

Ndivyo ilivyokwenda kwa miaka. Mtu anakufa, orodha inaongezwa, mwingine anakufa akiwa nje ya orodha mpya. Wenye magari walikuwa wakilalamika, tena kwa maandishi, na sheria ya Marekani inamtaka mtengenezaji azipeleke taarifa za vifo na majeruhi kwa mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA. Januari 2015 Honda ilikubali kulipa faini ya dola milioni 70 kwa kutoripoti madai 1,729 ya vifo na majeruhi tangu 2003 hadi 2014. Si yote yaliyohusu mifuko ya hewa. Hata hivyo, hesabu hiyo inaonyesha malalamiko yanavyoweza kulala kwenye makabati ya kampuni huku magari yakiendelea kukimbia barabarani.

Baada ya kuhojiwa mbele ya Seneti na kuandamwa na magazeti, Takata ilikubali Mei 2015 kwamba vikopo milioni 33.8 nchini Marekani vina kasoro. Hesabu hiyo nayo ilizidi kupanda, ikafika milioni 67 kwa Marekani peke yake. Januari 2017 kampuni ilikubali kukiri mahakamani kwamba iliwadanganya watengenezaji wa magari kwa kuwapelekea matokeo ya majaribio yaliyochakachuliwa, ikatozwa jumla ya dola bilioni moja. Juni mwaka huohuo ikafilisika. Marekani imehesabu vifo 28 na majeruhi zaidi ya 400. Malaysia na Australia nao wamezika watu wao.

Lakini gari lina maisha marefu kuliko kampuni, na sehemu inayonigusa zaidi ni ya wale walionunua mkononi.

Januari 2015, karibu na Houston, jimbo la Texas, baba wa watoto wawili alikufa ndani ya Accord ya mwaka 2002. Alikuwa ameinunua chini ya mwaka mmoja nyuma, kwenye yadi ya magari yaliyotumika, ilhali gari hilo lilikuwa limeshaitwa tangu 2011. Muuzaji hakuvunja sheria yoyote. Sheria ya Marekani inamkataza wakala kuuza gari jipya lenye wito ambao haujatekelezwa, ila lililotumika linaruhusiwa. Bunge lao lilifunga mlango kwa kampuni kubwa za kukodisha magari mwaka 2015, na yadi zikabaki zilivyokuwa.

Septemba 2016, California, mama wa miaka 50 alikufa ndani ya Civic ya mwaka 2001 aliyoinunua mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Honda ilisema ilikuwa imetuma barua zaidi ya 20 kuhusu gari lile katika muda wa miaka minane. Nazisadiki barua hizo. Nyingi, bila shaka, zilikwenda kwa watu waliolimiliki kabla yake. Miezi mitatu kabla ya kifo hicho NHTSA ilikuwa imetangaza kwamba baadhi ya Honda na Acura za mwaka 2001 hadi 2003, Accord na Civic zikiwamo, vikopo vyake vikijaribiwa vilipasuka hata nusu ya mara zote. Wenye magari hayo waliambiwa waache kuyaendesha kabisa. Yaliyokuwa hayajatengenezwa yalikadiriwa kuwa 313,000, na mengi yalikuwa yameshapita mikono mitatu au minne na kufika kwa watu wa kipato cha chini.

Kisha ikaja Las Vegas, Machi 2017. Binti wa miaka 18 aliumizwa vibaya kooni ndani ya Accord ya 2002. Gari lake halikuwa na deni la wito. Kumbe kabla hajalipata lilikuwa limepata ajali, likatengenezwa kwa mfuko wa hewa uliofunguliwa kwenye Accord nyingine ya 2001 iliyokwisha kuwa skrepa. Kila ninaposimama mbele ya duka la vipuri vilivyotumika na kuona usukani umening'inizwa ukutani pamoja na mfuko wake, namkumbuka binti yule.

Sasa tuje pwani yetu. Mei 13, 2015 Toyota na Nissan walitangaza kuyaita magari takriban milioni 6.5 duniani kwa sababu ya vikopo vya Takata. Kwa Toyota, orodha ilikuwa na Corolla na Vitz zilizotengenezwa kati ya Machi 2003 na Novemba 2007. Anayeijua Nairobi, Dar es Salaam au Kampala ameshayatambua magari hayo. Kenya hairuhusu gari la zaidi ya miaka minane kuingia, kwa hiyo Vitz ya mwaka 2004 iliyoko Mombasa ilipaswa kuwa imeshashuka melini ifikapo 2012. Wito wa 2015 ulipoandikwa, gari hilo lilikuwa na angalau miaka mitatu ya foleni za Kiafrika.

Ikumbukwe jinsi gari linavyoiaga Japani. Kabla halijapakiwa melini linafutiwa usajili, na hati ya kufutwa ndiyo ileile tunayoisubiri kwa hamu ili tulitoe bandarini. Kwetu ni ushahidi kwamba gari si la wizi. Kwa daftari la Japani ni mwisho wa habari: anwani ya mwenye gari imekatika, na barua hufuata anwani. Gari linapewa namba mpya, jina jipya na bima mpya. Kinachobaki kilekile ni namba ya chesisi, na hiyo hatuitumii ila siku ya kusajili na siku ya kuuza.

Na kemikali yenyewe inapenda nini? Joto na unyevu. Marekani ilipopanga magari yapi yashughulikiwe kwanza, ilitanguliza Florida, Hawaii, Puerto Rico na pwani ya Ghuba ya Mexico. Mtu wa Tanga, Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa hali ya hewa ya huko ikoje. Gari lililoanikwa juani Forodhani mchana kutwa, likalala kwenye fukuto la usiku, kwa miaka kumi na kitu, limepata yote yanayovichosha vidonge vile.

Wala mambo hayajaisha hata huko Ulaya. Juni 2025, huko Reims, kaskazini mwa Ufaransa, mwanamke alikufa kwa mfuko wa Takata ndani ya Citroën C3, na serikali ikaagiza magari ya aina hiyo yasimamishwe hadi yatengenezwe. Ufaransa ina daftari la kila mwenye gari, na bado mtu amekufa miaka minane tangu Takata ifilisike.

Shemeji yangu, mume wa dada, anaishi Tanga na ana kigari kidogo cha Kijapani cha miaka hiyohiyo. Jioni moja tulifungua boneti, tukafuta mafuta na vumbi kwenye kile kibati kilicho nyuma ya injini, nikainakili namba ya chesisi nyuma ya risiti ya petroli. Tovuti ya mtengenezaji, ile ya Japani, inaruhusu mtu yeyote kuiingiza. Maandishi yote ni ya Kijapani, ikabidi simu itutafsirie. Likatokea jedwali la mistari miwili. Mmoja ulihusu swichi ya dirisha, na ulisema kazi imefanyika. Wa pili ulihusu mfuko wa hewa wa upande wa abiria. Mbele yake palisomeka kwamba kazi haijatekelezwa.

Shemeji alikaa kimya kidogo. Kisha akauliza, "Miaka sita yote hii niliyoliendesha?"

Kesho yake tulimpigia wakala mmoja, ambaye sitamtaja. Kijana aliyepokea alikuwa muungwana. Akaeleza kwamba wao huhudumia magari waliyoyauza wenyewe yakiwa mapya, na namba ya soko la Japani haionekani kwenye kompyuta yao. Tukaenda kwa fundi. Naye alikuwa na dawa ya haraka: achomoe waya, aweke rizista ili taa ya onyo isiwake kwenye dashibodi, basi. Nilimkatalia, na ningemkatalia tena. Mfuko mzima huokoa maisha, na kuuchomoa kimya kimya ni kumtegea mtego atakayenunua gari hilo kesho. Alichostahili shemeji ni kikopo kipya bila malipo, kama alivyostahili mama wa Orlando. Mamlaka zetu za viwango na usajili zinazo namba zote za chesisi zilizopita bandarini, na watengenezaji wanazo namba zote walizoziita. Orodha hizo mbili zinaweza kulinganishwa ndani ya kompyuta moja, na majina yakapelekewa ujumbe wa simu. Mimi nataka zilinganishwe.

Mtengenezaji tumemwandikia moja kwa moja, kwa Kiingereza, tukaambatanisha picha ya kibati. Tunangoja jibu. Gari linaendelea na kazi, kwa sababu shemeji hana jingine, na mfuko wa upande wa dereva haumo kwenye ule mstari wa pili.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunampeleka mama yetu Pangani kwenye arusi. Kwa kawaida mama hukaa mbele, ndiyo heshima yake, na mkwewe ndiye humfungulia mlango. Safari hii alimfungulia wa nyuma. Mama akasimama na mkoba wake mkononi, akamtazama.

"Shikamoo mama," akamwambia. "Naomba leo ukae nyuma na wajukuu. Nitakueleza njiani."