Nasaba za Waitalia Mashuhuri: Kazi ya Mikono Mingi

Nasaba ya Mwitalia mashuhuri haipatikani mahali pamoja. Ubatizo wake umeandikwa katika daftari la parokia ya kijijini, ndoa ya wazazi wake imo katika hati iliyotungwa mjini, na ardhi ya babu yake imeorodheshwa katika vitabu vya kodi vya dola ambayo haipo tena. Hadi mwaka 1861 Italia haikuwa nchi moja. Palikuwa na falme, jamhuri, miliki za makabaila na himaya ya Papa, kila moja na sheria zake, hata na kalenda yake. Firenze mwaka mpya ulianza tarehe 25 Machi, Venezia tarehe 1 Machi. Mtoto aliyeandikwa huko kuwa amezaliwa Februari 1500, kwa hesabu ya leo alizaliwa Februari 1501. Ndiyo maana ukusanyaji wa nasaba hizo, tangu ulipoanza kufanywa kwa uaminifu, umekuwa kazi ya watu wengi wanaopelekeana habari kutoka mji hadi mji.

Kumbukumbu zenyewe zilianza kwa njia hafifu. Watoto wa Firenze walibatizwa wote mahali pamoja, katika jengo la ubatizo la San Giovanni. Mwanahistoria wa mji huo, Giovanni Villani, aliyefariki kwa tauni mwaka 1348, ameeleza kwamba padre aliweka kando harage moja jeusi kwa kila mtoto wa kiume na moja jeupe kwa kila wa kike, yakaja kuhesabiwa baadaye ili ijulikane wamezaliwa wangapi. Hesabu ilipatikana, lakini harage halina jina wala baba. Madaftari ya ubatizo ya Firenze yaliyosalia yanaanzia mwaka 1450, na ni miongoni mwa ya kale zaidi barani Ulaya yenye mfululizo mrefu kiasi hicho.

Serikali nayo ilikuwa na haja zake. Mwaka 1427 Jamhuri ya Firenze ilianzisha kodi mpya, na kila mkuu wa kaya akatakiwa kuandika mashamba yake, madeni yake, na watu wote anaowalisha pamoja na umri wao, kwa kuwa kila tegemezi alipunguza kiasi cha mali kinachotozwa. Hakuna aliyekusudia kuandika nasaba, lakini kodi hiyo ndiyo iliyoacha picha kamili kuliko zote za familia za Toscana katika karne ya 15.

Habari za kuzaliwa kwa Leonardo da Vinci zinajulikana kwa sababu ya karatasi mbili za babu yake, Antonio. Ya kwanza ni maandishi mafupi chini ya ukurasa wa mwisho wa daftari la zamani la hati, mali ya ukoo wao wa waandishi wa hati za kisheria. Antonio alikuwa ameshaandika hapo kuzaliwa kwa watoto wake mwenyewe. Mwaka 1452 akaongeza mjukuu: mwana wa mwanawe Piero, aliyezaliwa Jumamosi tarehe 15 Aprili, saa tatu za usiku. Saa hizo zilihesabiwa tangu jua kuzama, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anazielewa pasipo kuzigeuza. Antonio akataja jina la padre aliyebatiza na majina ya watu 10 waliohudhuria. Mama wa mtoto hakumtaja.

Mama anatokea katika karatasi ya pili, tamko la kodi la mwaka 1457. Humo Antonio, akiwataja wategemezi wake, anamweka Lionardo mwenye umri wa miaka mitano, mwana wa Piero nje ya ndoa, aliyezaliwa na Caterina ambaye wakati huo alikuwa ameolewa na mwanamume mwingine wa Vinci. Karatasi ya kwanza ina siku lakini haina mama. Ya pili ina mama lakini haina siku. Ile ya kuzaliwa ilikaa bila kujulikana hadi miaka ya 1930, mtafiti Mjerumani Emil Möller alipoigundua katika hifadhi ya nyaraka ya Firenze. Kati ya kuandikwa kwake na kusomwa kwake na wanahistoria zilipita takriban karne tano.

Miji mingine iliandika kwa sababu nyingine. Venezia, ambako haki ya kuketi katika Baraza Kuu ilirithiwa, ilianza mwaka 1506 kusajili watoto wa kiume wa makabaila na mwaka 1526 kusajili ndoa zao, katika kitabu kilichokuja kuitwa Kitabu cha Dhahabu. Mtaguso wa Trento uliamuru mwaka 1563 kila paroko aweke daftari la ubatizo na la ndoa, na mwaka 1614 Papa Paulo V akaagiza pia madaftari ya vifo na ya sensa ya waumini nyumba kwa nyumba. Tangu hapo mkulima na mwana wa mfalme waliandikwa kwa utaratibu mmoja, jambo lenye uzito mkubwa kwa kuwa watu mashuhuri wengi wa Italia hawakutoka katika majumba ya kifalme.

Hata hivyo, waandishi wa nasaba wa karne ya 16 hawakuwa na shauku na madaftari. Waliandika kwa ajili ya wakubwa waliowalipa, na wakubwa walitaka mababu wa kale. Ludovico Ariosto, katika utenzi wake Orlando Furioso, aliwaunganisha watawala wa Este na Hektori wa Troya. Huo ulikuwa ushairi na ulisomwa kama ushairi. Hatari ilikuwa kwa waliojidai kuandika historia. Alfonso Ceccarelli, tabibu kutoka Bevagna katika Umbria, alitengeneza tarikhi, wosia na hati za wafalme ambazo hazikuwahi kuwepo, akanukuu waandishi aliowabuni mwenyewe, na kuwauzia makabaila asili walizozitamani. Alishtakiwa Roma na kukatwa kichwa mwaka 1583. Madhara ya kazi yake hayakufa naye, kwa sababu uongo ulioingia katika kitabu kimoja ulinakiliwa katika vingine, na bado hukutwa katika matawi ya nasaba yanayodai kufika hadi kwa maseneta wa Roma ya kale.

Dawa ya ugonjwa huo ilikuwa kumtaka kila anayedai atoe ushahidi, na kumpa mwingine nafasi ya kuukagua. Mfano mzuri ni wa Gottfried Wilhelm Leibniz, mwanafalsafa aliyeajiriwa na watawala wa Hannover kuandika historia yao. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba ukoo wao wa Welf na ukoo wa Este wa Italia una asili moja, lakini ushahidi ulikuwa haba. Leibniz alisafiri mwenyewe hadi Modena, na mwanzoni mwa 1690 akafika katika abasia ya Vangadizza, yalipo makaburi ya kale ya Este. Maandishi ya huko yalimthibitishia kwamba Azzo wa Este wa karne ya 11 alimwoa Kunigunde, binti wa ukoo wa Welf. Baadaye aliandikiana barua kwa miaka kadhaa na Ludovico Antonio Muratori, padre na mkutubi wa mtawala wa Modena, kila mmoja akichimba katika nyaraka alizoweza kuzifikia. Muratori alichapisha sehemu ya kwanza ya kitabu chake juu ya mambo ya kale ya Este mwaka 1717, mwaka mmoja baada ya Leibniz kufariki.

Mtu aliyeigeuza kazi hiyo kuwa mradi wa Italia nzima alikuwa Pompeo Litta, kabaila wa Milano aliyezaliwa mwaka 1781. Alipigana katika jeshi la Napoleon, na vita vilipokwisha akageukia nyaraka. Mwaka 1819 alianza kutoa Famiglie celebri italiane, yaani familia mashuhuri za Italia, kwa matoleo mafupi, kila toleo likishughulika na ukoo mmoja. Alianza na Sforza, ukoo ulioinuliwa na Muzio Attendolo, askari wa kukodiwa kutoka Cotignola, ambaye mwanawe Francesco, aliyezaliwa nje ya ndoa, alitwaa utawala wa Milano mwaka 1450.

Umbo la kazi ya Litta linastahili kutazamwa kwa makini. Hakuchora mti wa majina matupu. Kila karatasi kubwa iligawanywa kwa safu, na ndani ya safu, mahali pake katika ukoo, kila mtu aliwekewa maelezo yake: alizaliwa lini, alimwoa nani, alishika cheo gani, alikufaje. Mabinti waliwekwa pamoja na waume zao, na wake waliandikwa kwa ukoo wa baba zao, hivyo familia moja ilimwongoza msomaji hadi nyingine. Makaburi, sarafu na sura za watu zilichorwa, nyingine zikapakwa rangi kwa mkono. Jambo lililowaudhi baadhi ya wakubwa ni kwamba Litta alikataa asili za kubuni, wala hakuficha mauaji na usaliti uliofanywa na mababu zao. Msimamo huo ndio unaoifanya kazi yake itumike hata leo, ingawa tarehe zake nyingi zimesahihishwa.

Asingeweza kuifanya peke yake. Alitegemea mtandao wa wakutubi, watunza nyaraka na wasomi wa mijini waliomnakilia hati na kumsahihisha makosa, huku akitumia mali yake mwenyewe kulipia uchapaji. Hadi anafariki mwaka 1852 alikuwa ametoa nasaba za zaidi ya familia 100. Wengine, akiwemo Luigi Passerini wa Firenze na Federico Odorici, wakaendelea na matoleo hayo kwa miongo mitatu mingine.

Baada ya nchi kuungana, serikali yenyewe iliingia katika kazi hii pale heshima ya taifa ilipoguswa. Kwa kuadhimisha miaka 400 ya safari ya Cristoforo Colombo, tume ya kifalme ilianza mwaka 1892 kuchapisha mkusanyo mkubwa wa hati kutoka hifadhi mbalimbali, zikiwemo za Genova zinazomhusu baba yake Domenico, mfumaji wa sufu. Mwaka 1904 Ugo Assereto alichapisha hati nyingine ya Genova, ya tarehe 25 Agosti 1479, ambamo Colombo anatoa ushahidi wa biashara ya sukari, anataja umri wake kuwa kama miaka 27, na kusema kesho yake anaondoka kwenda Lisbon. Wanaodai alikuwa Mhispania au Mreno hawajaleta karatasi yenye nguvu kama hiyo.

Usajili wa kiserikali ulikuwa umeshaingia na utawala wa Wafaransa. Ufalme wa Napoli ulianza kusajili mwaka 1809, Sicilia mwaka 1820, na Italia iliyoungana ikaweka utaratibu mmoja kuanzia 1 Januari 1866. Hazina iliyo kubwa zaidi ni viambatisho vya ndoa vya kusini: bibi na bwana harusi walileta nakala za kuzaliwa kwao, na kama baba alikuwa amekufa, walileta cheti cha kifo chake, mara nyingi na cha babu pia. Bahasha moja inaweza kutoa vizazi vitatu.

Lakini rejista mbili huweza kupingana, hata juu ya mtu maarufu kama Giuseppe Verdi. Alizaliwa Oktoba 1813 katika kijiji cha Le Roncole, wakati eneo hilo likiwa chini ya Ufaransa, kwa hiyo ofisi ya Busseto ilimwandika kwa Kifaransa: Joseph Fortunin François, mwana wa mwenye nyumba ya wageni na msokota nyuzi, aliyezaliwa tarehe 10 saa mbili usiku. Daftari la parokia, la tarehe 11, linasema alizaliwa jana yake. Ikiwa padre alihesabu siku kuanzia machweo, jana hiyo inaanzia jioni ya tarehe 9, na tarehe 9 ndiyo aliyoishika Verdi kwa kufuata neno la mama yake. Tena kwa muda mrefu aliamini alizaliwa 1814. Mkusanyaji mwaminifu anaziandika tarehe zote pamoja na chanzo cha kila moja.

Katika karne ya 20 wasifu wa Waitalia ulipata makao ya kudumu. Mwaka 1925 Giovanni Treccani na Giovanni Gentile walianzisha taasisi ya ensaiklopedia ya Italia, na mwaka huo huo ikaanza kupanga kamusi ya wasifu wa Waitalia tangu kuanguka kwa Dola ya Roma ya Magharibi. Fortunato Pintor alisimamia kadi za majina. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1960, na ya 100 mwaka 2020, baada ya vizazi vya waandishi kupokezana. Kamusi hiyo inatoa maisha ya mtu. Ukoo wake inaugusa tu pale unapohitajika.

Pengo hilo linazibwa na nasaba za pamoja za mtandaoni, kama Geni iliyoanza 2007 na WikiTree iliyoanza 2008, zinazolenga kuwa na ukurasa mmoja tu kwa kila marehemu. Idara ya nyaraka ya Italia ilifungua mwaka 2011 hazina ya picha za rejista, iitwayo Antenati, na mtu aliye Buenos Aires akaweza kusoma daftari la Palermo. Kazi kubwa ya wachangiaji si kuongeza majina. Ni kuunganisha kurasa mbili za mtu mmoja aliyeandikwa kwa Kilatini na kwa Kiitalia, kutenganisha binamu wawili waliopewa jina la babu mmoja, na kufuta wazazi waliowekwa bila hati. Desturi ya rejista za Italia kumwandika mwanamke kwa jina la ukoo wake wa kuzaliwa inasaidia sana.

Ushirikiano huo wa muda mrefu umefika hata kwa walio hai. Mwaka 2021 Alessandro Vezzosi na Agnese Sabato walichapisha mstari wa kiume wa ukoo wa da Vinci kuanzia 1331, vizazi 21, na kuwabainisha watu 14 walio hai wanaotokana na baba yake Leonardo, kwani Leonardo mwenyewe hakuacha mtoto. Kwa upande wa mama mambo hayajatulia. Martin Kemp na Giuseppe Pallanti walipendekeza mwaka 2017 kwamba Caterina alikuwa yatima wa Vinci. Carlo Vecce akapendekeza mwaka 2023 kwamba alikuwa mtumwa kutoka Caucasus, akitumia hati ya kuachwa huru ya Novemba 1452 iliyoandikwa na Piero mwenyewe. Kila pendekezo lina nyaraka zake, na hakuna hadi sasa karatasi inayomtaja Caterina mmoja kati ya hao kuwa ndiye aliyemzaa Leonardo.