Mafuta ya Kurdistan: Kiini cha mvutano wa Baghdad na Erbil

TANGU utawala wa Saddam Hussein uangushwe mnamo 2003, hakuna suala ambalo limeifarakanisha serikali kuu ya Iraq na serikali ya jimbo la Kurdistan kama mafuta. Mawaziri wakuu kadhaa wameingia na kutoka mjini Baghdad, na vita dhidi ya kundi la Islamic State vimepiganwa, lakini swali limebaki lile lile. Ni nani mwenye mamlaka ya kutia saini mkataba wa kuchimba mafuta yaliyo katika ardhi ya Wakurdi, na fedha zake ziingie katika hazina ya nani?

Jimbo hilo liko kaskazini mwa Iraq, likipakana na Uturuki, Iran na Syria, na makao yake makuu ni mji wa Erbil. Wakurdi walianza kujitawala huko baada ya vita vya Ghuba vya 1991, na mwaka uliofuata wakachagua bunge lao. Ikumbukwe kwamba miaka mitatu tu kabla ya vita hivyo, mnamo Machi 1988, majeshi ya Saddam yalikuwa yameushambulia mji wa Halabja kwa gesi ya sumu na kuua maelfu ya raia. Hofu ya kuitegemea Baghdad kwa kila senti, kwa hivyo, haikuanza na mafuta.

Chimbuko la mzozo wenyewe ni Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maamuzi mnamo Oktoba 2005. Kifungu cha 111 kinatamka kuwa mafuta na gesi ni mali ya wananchi wote wa Iraq. Kifungu cha 112 kinaipa serikali kuu jukumu la kusimamia mafuta yanayotoka katika machimbo yaliyopo, ikishirikiana na majimbo yanayoyazalisha. Je, machimbo yatakayogunduliwa baadaye? Katiba iko kimya. Wakurdi walilijaza pengo hilo kwa kutumia Kifungu cha 115, kinachoyaachia majimbo mamlaka yote ambayo hayakutengewa serikali kuu. Baghdad nayo ikashikilia kuwa mali ya wananchi wote haiwezi kuuzwa na sehemu moja ya wananchi hao.

Sheria ya kitaifa ya mafuta ndiyo iliyotarajiwa kumaliza ubishi huo. Baraza la mawaziri liliidhinisha mswada wake Februari 2007, lakini bunge halikuupitisha. Erbil haikungoja. Agosti mwaka huo huo bunge la jimbo likapitisha sheria yake lenyewe, na mikataba na kampuni za kigeni ikaanza kufuatana. DNO ya Norway ilikuwa imetangulia mapema, mnamo 2004.

Pande hizo mbili hazikutofautiana tu kuhusu nani atie saini, bali hata kuhusu aina ya mkataba. Katika zabuni za 2009, serikali kuu ilikubali kuzilipa kampuni ujira kwa kila pipa na kubaki na mafuta yote. Katika machimbo makubwa ya Rumaila, karibu na Basra, kampuni ya BP na mwenzake kutoka China walikubali Dola 2 kwa pipa. Kurdistan ilichagua mikataba ya kugawana mafuta, ambapo kampuni hufidiwa gharama zake kwanza, kisha ikapata sehemu ya mafuta yanayobaki.

Kila upande ulikuwa na hoja nzito. Rumaila ni machimbo yaliyojulikana kwa miongo mingi, na mwekezaji aliingia akijua atakachokikuta. Milima ya Kurdistan haikuwa imechunguzwa ipasavyo, na kampuni iliyochimba kisima kikavu ilipata hasara yake yenyewe. Kwa upande mwingine, Iraq ilitaifisha mafuta yake mnamo 1972 baada ya miaka mingi chini ya kampuni za kigeni, na wanasiasa wa Baghdad waliona kugawana mapipa ni kuurejesha ukoloni kwa mlango wa nyuma. Waziri wa Mafuta wa wakati huo, Hussain al-Shahristani, alisisitiza kuwa mikataba ya Erbil ilikuwa haramu. ExxonMobil ilipoingia mkataba na Wakurdi mwishoni mwa 2011, ilizuiwa kushiriki katika zabuni iliyofuata ya serikali kuu.

Kuhusu mapato, Kurdistan ilitengewa asilimia 17 ya bajeti ya taifa, baada ya matumizi fulani ya serikali kuu kukatwa kwanza. Tarakimu hiyo ilitokana na maafikiano ya kisiasa kuliko hesabu, kwani hakukuwa na sensa ya nchi nzima tangu 1987. Sensa ilipofanywa hatimaye mnamo Novemba 2024, ilionyesha kuwa jimbo hilo lina takriban asilimia 14 ya wakazi wa Iraq.

Mambo yaliharibika kabisa mnamo 2014. Wakurdi walikuwa wameunganisha visima vyao na bandari ya Ceyhan nchini Uturuki, na mapema mwaka huo Waziri Mkuu Nouri al-Maliki akawakatia fedha za bajeti. Mnamo Mei walianza kuuza mafuta bila idhini, naye akaishtaki Uturuki mbele ya wapatanishi wa kimataifa mjini Paris. Meli moja iliyobeba mafuta hayo ilikaa majini nje ya pwani ya Texas, Marekani, ikishindwa kushusha mzigo kwa sababu ya kesi. Mwezi uliofuata Islamic State iliteka Mosul, jeshi la taifa likakimbia, na Wakurdi wakaingia Kirkuk na kuyashika machimbo yake. Waliyapoteza Oktoba 2017, wiki chache baada ya kura yao ya kutaka uhuru, majeshi ya serikali kuu yaliporejea.

Mzigo wa mvutano huu haukuwaangukia mawaziri. Jimbo hilo lina zaidi ya watu milioni moja wanaolipwa na serikali, wakiwemo walimu, wauguzi, askari na wastaafu. Kuanzia 2014 mishahara ilicheleweshwa kwa miezi, na mnamo 2016 sehemu yake ikakatwa. Walimu wa Sulaymaniyah waligoma mara kadhaa. Mgomo ulioanza Septemba 2023 uliwanyima wanafunzi masomo kwa miezi mingi. Mwalimu huyo alipouliza mshahara wake uko wapi, Erbil ilimwelekeza Baghdad, nayo Baghdad ikamrudisha Erbil.

Mahakama ziliisaidia zaidi serikali kuu. Februari 2022 Mahakama ya Juu ya Iraq iliamua kuwa sheria ya mafuta ya Kurdistan ya 2007 inakiuka Katiba. Machi 2023 wapatanishi wa Paris waliiagiza Uturuki kuilipa Iraq fidia ya takriban Dola bilioni 1.5, na Uturuki ikalifunga bomba. Mapipa yapatayo 450,000 kwa siku yakakosa njia. Ushindi huo uliwagharimu hata washindi, kwani sehemu ya mafuta yaliyokwama ilikuwa ya Baghdad yenyewe.

Mwafaka ulipatikana Septemba 2025, miaka miwili na nusu baadaye, na mafuta yakaanza kutiririka tena Septemba 27. Kwa mujibu wa makubaliano hayo, Erbil ilitakiwa kulikabidhi shirika la taifa la kuuza mafuta mapipa yasiyopungua 230,000 kwa siku na kubaki na 50,000 kwa matumizi ya jimbo, huku kampuni zikitengewa Dola 16 kwa kila pipa. Miezi minne tu awali, Baghdad ilikuwa imesimamisha fedha za mishahara ikidai Wakurdi wamepitisha fungu lao, ambalo kufikia wakati huo lilikuwa limeshuka hadi asilimia 12.67.

Makubaliano hayo yalikuwa ya muda. Hayakufasiri Kifungu cha 112, wala hayakuleta sheria ya kitaifa ya mafuta. Isitoshe, bomba lenyewe lilijengwa chini ya mkataba wa Iraq na Uturuki wa 1973, na Julai 2025 Uturuki ilitangaza kuwa mkataba huo ungekoma Julai 27, 2026.