Homoni za kiume zinapozidi mwilini mwa mwanamke

MWANAMKE anapokosa hedhi kwa miezi kadhaa, akaota ndevu kidevuni na asishike mimba, jamii huwa nyepesi kumlaumu au kudai amerogwa. Mara nyingi chanzo huwa homoni.

Madaktari Irving Stein na Michael Leventhal wa Chicago, Marekani, waliieleza hali hii mwaka wa 1935 baada ya kuwachunguza wanawake saba. Leo hujulikana kama PCOS. Shirika la Afya Duniani (WHO) hukadiria kuwa huwapata kati ya asilimia 6 na 13 ya wanawake wa umri wa kuzaa, wengi wao bila kujua.

Homoni za uzazi hutoka kwa mapigo. Ubongo huiamuru tezi ya pituitari kutoa LH, inayochochea ovari kuunda androjeni, yaani homoni za kiume ambazo kila mwanamke anazo kwa kiasi kidogo. Na FSH, inayokuza yai. Kwa kawaida, kabla ya yai kutoka, mapigo ya LH huja kila dakika 60 hadi 90. Yai likishatoka, homoni ya projesteroni huyapunguza kasi.

Kwa wagonjwa wengi, kasi hiyo haipungui. LH hupanda ilhali FSH haitoshi. Androjeni huongezeka na mayai hayakomai. Yai lisipotoka, projesteroni ya kuyatuliza mapigo hukosekana. Insulini nayo ikizidi, huichochea ovari kuunda androjeni zaidi.

Kwa kuwa LH hupanda na kushuka, kipimo kimoja cha homoni hiyo hakitoshi kuthibitisha ugonjwa. Vigezo vilivyokubaliwa Rotterdam, Uholanzi, mwaka wa 2003 hutaka dalili mbili kati ya tatu: hedhi isiyo ya kawaida, androjeni nyingi, na ovari zenye vifuko vingi. Aidha, sharti magonjwa mengine yanayofanana nao yaondolewe kwanza.

Hakuna dawa ya kuumaliza ugonjwa huu, lakini unadhibitika. Tembe za kupanga uzazi hushusha LH na androjeni, metformini husaidia mwili kutumia insulini, nayo letrozoli huchochea yai kutoka kwa anayetaka mtoto.

Mwanamke asiye mjamzito wala hanyonyeshi akikosa hedhi kwa zaidi ya miezi mitatu, na amwone daktari. Utando wa mji wa mimba usipomwagika kwa muda mrefu, hatari ya saratani huongezeka.