Konseli: kutoka kiti cha hakimu hadi mlango wa gereza

Mnamo Septemba 21, 1833, mjini Muscat, Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, alitiliana saini mkataba wa biashara na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani. Kifungu kimoja kiliiruhusu Marekani kuweka konseli katika bandari za Sultani, na kikamfanya konseli huyo kuwa mwamuzi pekee wa magomvi ya Wamarekani kwa Wamarekani. Mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, akafika Unguja kushika kazi hiyo. Waingereza na Wafaransa nao wakaja na mikataba yao. Baharia Mmarekani akimtia hasara Mmarekani mwenzake bandarini, kesi haikwenda kwa kadhi. Ilikwenda kwa konseli.

Mtindo huo ulitanda kutoka Istanbul hadi Canton. Mataifa yenye manowari yaliwalinda raia wao kwa kuzinyima nchi nyingine haki ya kuwahukumu. Ulikufa polepole katika karne ya 20, nchi zilipoidai heshima yao. Huko China, Marekani na Uingereza ziliuachia mwaka 1943. Swali likabaki: ikiwa mgeni sasa anahukumiwa na wenyeji, nani atamwangalia akiwa gerezani, lugha haijui na ndugu hana?

Jibu lilitafutwa Vienna kuanzia Machi hadi Aprili 1963, katika mkutano ulioandika Mkataba wa Vienna kuhusu Uhusiano wa Kikonseli. Kifungu cha 36 ndicho kilichozua ubishi mkali. Rasimu iliitaka polisi imwarifu konseli kila mgeni anapokamatwa. Baadhi ya wajumbe wakahofia mzigo huo. Wengine wakauliza habari za mkimbizi wa kisiasa asiyetaka serikali yake ijue aliko. Jamhuri ya Muungano wa Waarabu, yaani Misri ya leo, ikapendekeza konseli aarifiwe pale tu mfungwa anapoomba. Ndipo Uingereza ikadai sharti jingine: kama ni lazima aombe, basi ni lazima kwanza aambiwe kwamba ana haki ya kuomba, na aambiwe bila kuchelewa.

Yote mawili yakaingia. Kifungu kinasema pia kwamba konseli anaweza kumtembelea raia wake, kuzungumza naye, kuandikiana naye na kumtafutia wakili. Uhakimu wa enzi za Waters ukawa umegeuka ziara ya gerezani.

Kwa miaka mingi sharti la kumwarifu mfungwa lilisahaulika. Mwaka 1982 ndugu wawili Wajerumani, Karl na Walter LaGrand, walikamatwa Arizona baada ya meneja wa benki kuuawa katika jaribio la wizi. Walihukumiwa kifo, na ubalozi wao mdogo ukapata habari mwaka 1992 tu, tena kwa ndugu hao wenyewe, walioelezwa haki yao na wafungwa wenzao. Karl aliuawa Februari 1999. Machi 3, siku ya zamu ya Walter, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague iliamuru Marekani isubiri. Walter aliuawa siku hiyo hiyo.

Ujerumani haikuiacha kesi. Juni 27, 2001, Mahakama ilitamka mambo mawili yaliyobadilisha sheria: kwamba Kifungu cha 36 kinampa haki mfungwa mwenyewe, si serikali yake peke yake, na kwamba amri zake za muda ni lazima zitiiwe. Mexico ikafuata na kesi ya Avena, na mwaka 2004 Mahakama ikaona kwamba Wamexico 51 hawakuarifiwa haki yao ipasavyo. Marekani ilijibu mwaka 2005 kwa kujitoa katika itifaki iliyoruhusu ishtakiwe The Hague kwa makosa ya namna hiyo.

Asidhani mtu kwamba kosa hili ni la Marekani tu. Ahmadou Sadio Diallo, mfanyabiashara wa Guinea, alihamia Kongo mwaka 1964. Makampuni yake yalikuwa yakidai madeni makubwa, yakiwemo ya serikali, alipokamatwa Kinshasa Novemba 1995. Januari 31, 1996 akafukuzwa nchini. Kongo ilijitetea kwamba alielezwa haki zake kwa mdomo, lakini haikuleta ushahidi. Mahakama haikukubali. Hukumu ya Novemba 30, 2010 iliikuta Kongo na hatia, pamoja na mengine, ya kuvunja Kifungu cha 36, na mwaka 2012 ikaamuriwa kulipa fidia ya dola 95,000. Afrika iliishtaki Afrika, na mtu mmoja aliyetupwa mahabusu akapata haki.

Julai 17, 2019, Rais wa Mahakama hiyo, Msomali Abdulqawi Ahmed Yusuf, alisoma hukumu kati ya India na Pakistan kuhusu Kulbhushan Jadhav, Mhindi aliyehukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi kwa ujasusi. Pakistan ilishikilia kwamba jasusi hana haki ya kumwona konseli. Majaji 15 dhidi ya mmoja walikataa: kifungu hakimtengi yeyote. Septemba mwaka huo, mwanadiplomasia wa India aliruhusiwa kumwona kwa mara ya kwanza.

Konseli wa leo hawezi kukutoa jela, wala kuizuia mahakama kukuhukumu. Anachoweza ni kuhakikisha unajulikana uliko, unapata mkalimani na wakili, na jamaa zako wanapata habari. Hayo ni machache, lakini ndiyo waliyokosa ndugu wa LaGrand kwa miaka kumi.

Kenya, Tanzania na Kongo zote zimo katika mkataba huu, na Ghuba wanakokwenda vijana wetu kutafuta kazi kuna balozi zetu. Anayesafiri aiweke namba ya ubalozi mahali atakapoikumbuka bila simu. Akikamatwa, popote pale, aseme mapema kwamba anataka ubalozi wake uarifiwe. Nazo serikali zetu, zikiarifiwa, ziende: haki ya kutembelewa haina maana kama hakuna anayekuja.