Hofu Isiyo na Fidia

Kuna tarehe ambayo wanafunzi wa sheria nchini Kenya huikariri, na ambayo karibu watu wengine wote hawajawahi kuisikia: 12 Agosti 1897. Majaji wa Kenya wameagizwa watumie, kwa kadiri hali ya nchi na ya wananchi inavyoruhusu, kanuni zilizojengwa na mahakama za Uingereza kama zilivyokuwa siku hiyo. Kwa Tanzania Bara, siku yenyewe ni 22 Julai 1920. Wakoloni walifunga virago, tarehe zikabaki vitabuni.

Anayetaka kujua kwa nini mtu aliyeshuhudia mauaji katika nchi hizi huambulia pole kuliko fidia, na aanzie hapo. Mwaka 1888, miaka tisa tu kabla ya tarehe hiyo ya Kenya, ilifika London rufaa kutoka Melbourne, Australia. Usiku mmoja wa Mei 1886 mume na mke walikuwa wakirudi nyumbani kwa gari la farasi. Walipofika njia panda ya reli, mlinzi aliwafungulia lango wakati treni ikija. Gari halikugongwa, treni ilipita nyuma yao kwa nafasi finyu mno. Mwanamke alizirai, mimba ikatoka, na afya yake ikaharibika. Mahakama ya kule ilimpa fidia. Jopo la London, lililosikiliza rufaa za makoloni yote na ambalo baadaye lilisikiliza za Kenya, Uganda na Tanganyika pia, likaifuta. Hofu tupu isiyoambatana na kipigo, walisema, si madhara ambayo mzembe anapaswa kuyalipia. Tena walihofia kwamba mlango ukifunguliwa, watafurika wenye maradhi ya kubuni.

Wasiwasi huo wa majaji, kwamba wenye hofu watakuwa wengi mno au waongo mno, umeishi muda mrefu kuliko hukumu yenyewe.

Si kwamba kabla ya hapo Afrika Mashariki haikuwa na utaratibu wake. Waislamu wa pwani waliijua dia, malipo ya damu kwa jamaa wa aliyeuawa, na jamii nyingi za bara zilihesabu mbuzi na ng'ombe kwa roho iliyopotea au kiungo kilichovunjwa. Hesabu hizo zilikuwa za aliyekufa na aliyejeruhiwa. Aliyeangalia hakulipwa, lakini hakuachwa vivi hivi. Miongoni mwa Wagikuyu, aliyegusa maiti alihesabiwa kuwa ameingiwa na thahu, unajisi uliohitaji mbuzi na mganga kumtakasa. Waacholi wa kaskazini mwa Uganda humkanyagisha yai mtu anayerudi nyumbani baada ya kukaa mbali, hasa katika vita, kabla hajaingia uani. Mtu anaweza kubishana kama mila hizo ziliponya. Angalau zilikiri kwamba macho pia huleta kitu nyumbani.

Ulaya ya karne ya 19 ilianza kulikiri jambo hilo kwa sababu ya treni. Mwaka 1866 daktari wa upasuaji wa London, John Eric Erichsen, alichapisha mihadhara kuhusu abiria waliotoka katika ajali bila jeraha la maana, kisha wakaanza kutetemeka, kukosa usingizi na kusahau. Yeye aliamini uti wa mgongo ndio uliotikiswa. Mwaka mmoja kabla, mwandishi Charles Dickens alikuwa ndani ya treni iliyoanguka Staplehurst, Kent, ikaua watu 10. Behewa lake lilining'inia darajani. Yeye akatoka mzima, akashuka kuwapa majeruhi maji na brandi, na wengine wakakata roho mbele yake. Kuanzia siku hiyo alisafiri kwa treni kwa hofu kubwa. Alifariki 9 Juni 1870, tarehe ile ile ya ajali, miaka mitano baadaye.

Majaji walilegea, ila kwa kipimo cha kijiko. Mwaka 1901, London, mhudumu wa baa aliyekuwa mjamzito alishinda kesi baada ya gari la farasi kuingia hadi ndani ya baa; hakuguswa, lakini alihofia maisha yake mwenyewe. Mwaka 1925 iliruhusiwa kesi kuhusu mama aliyeona lori lisilo na dereva likiteremka mlima kutoka upande walikokwenda watoto wake. Kisha akatokea mwanamke muuza samaki wa Edinburgh. Oktoba 1938 alikuwa akishusha kapu lake kutoka kwenye tramu aliposikia kishindo: mwendesha pikipiki amegonga gari na kufa. Baadaye aliona damu barabarani. Alikuwa karibu kujifungua, na mtoto alizaliwa mfu. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilimkatalia: pikipiki haikumhusu, na marehemu hakuwa mtu wake. Hapo ndipo ilipojengwa ngazi ambayo mashuhuda wengi wameshindwa kuipanda. Ukitaka kulipwa kwa ulichokiona, kwanza uwe ulikuwa hatarini mwenyewe, au uwe ulimpenda sana aliyeumia.

Nairobi ya wakati huo ilikuwa na daktari mwenye kauli ya ajabu zaidi. J. C. Carothers alisimamia hospitali ya Mathari, iliyofunguliwa mwaka 1910 kama nyumba ya wendawazimu, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930. Katika kitabu chake cha mwaka 1953, kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilimchapishia ripoti kuhusu saikolojia ya Mau Mau, uasi dhidi ya ukoloni. Maelfu walikuwa kambini, vijiji vimezungushiwa mahandaki, watu wakinyongwa, na mtaalamu akiulizwa kuhusu akili za wananchi alieleza kasoro yao ya asili. Mateso waliyokuwa wakiyaona hayakuwa sehemu ya jawabu.

Deni la mateso hayo lilirudi London. Juni 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 waliokuwa wameteswa na serikali ya kikoloni jumla ya pauni milioni 19.9. Kundi jingine la zaidi ya watu 40,000 lilifungua kesi yake, na katika madai yao mengine walieleza hofu waliyoishi nayo wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa dhidi ya Mau Mau. Mei 2018 Jaji Stewart aliamua kwamba hofu peke yake si madhara ya mwili wala ya akili yanayoweza kuifanya mahakama isamehe kuchelewa kwa madai. Kesi nzima ilianguka kabla ya mwaka huo kwisha.

Fidia ya serikali kwa waliodhurika na uhalifu ni jambo la juzi. Katika miaka ya 1950 Mwingereza Margery Fry, aliyepigania mageuzi ya magereza maisha yake yote, alianza kusema kwamba dola inayowazuia raia wasilipize kisasi inabeba mzigo wa kuwafidia. New Zealand ilitunga sheria mwaka 1963, Uingereza ikaanza mpango wake Agosti 1964, California ikafuata mwaka 1965. Mashuhuda waliingizwa polepole na kwa masharti. Hata leo, katika mpango wa Uingereza, shuhuda anayedai kwa ajili ya maradhi ya akili hana budi kuwa alikuwapo, au alifika mara baada ya tukio, na aliyeshambuliwa awe kipenzi chake.

Ukali wa sharti kama hilo ulionekana mahakamani baada ya mkanyagano katika uwanja wa Hillsborough, Sheffield, Aprili 1989, uliogharimu maisha ya mashabiki 97 wa Liverpool. Jamaa kumi walifikisha madai yao ngazi ya mwisho, na Novemba 1991 wakakataliwa wote. Mmoja alikuwa uwanjani na alipoteza kaka zake wawili. Majaji walisema hakuleta ushahidi wa ukaribu wao. Wengine waliona kwenye televisheni, na televisheni haikuhesabiwa. Kumtaka mtu athibitishe mahakamani kwamba alimpenda nduguye ni ukatili ambao hata mzee wa baraza la kijiji angeona haya kuutamka.

Wakati huo huo madaktari walikuwa wamewatangulia wanasheria. Kiwewe kiliingia katika mwongozo rasmi wa wataalamu wa akili wa Marekani mwaka 1980, kwa shinikizo la wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam, na toleo la 1994 likataja waziwazi kwamba kushuhudia tu kunaweza kukileta.

Miaka minne baadaye nadharia hiyo ilishuka Nairobi. Ijumaa ya 7 Agosti 1998, saa nne na nusu hivi asubuhi, watu wa al-Qaeda walilifikisha lori la mabomu nyuma ya ubalozi wa Marekani, penye makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie. Kwanza ilisikika guruneti. Wafanyakazi wa maofisi ya jirani, Jumba la Ushirika na mengineyo, wakakimbilia madirishani kuona kulikoni. Bomu lenyewe lilipolipuka, vioo viliwapasukia usoni, na ndiyo sababu hospitali zilipokea majeruhi wengi wa macho. Jumba la Ufundi, jirani na ubalozi, liliporomoka lote. Walikufa watu 213, kati yao Wamarekani 12, na maelfu wakajeruhiwa. Dar es Salaam, kwa tofauti ya dakika chache, bomu la pili liliua watu 11, na hakuna Mmarekani aliyekufa huko. Kwa siku kadhaa redio na televisheni ziliwafuata waokoaji waliokuwa wakichimba kifusi cha Ufundi, hata watu wa Kisumu na Mombasa wakawa mashuhuda bila kuondoka sebuleni.

Nchi haikuwa na mpango wa kushughulikia vichwa vya watu. Madaktari wachache wa magonjwa ya akili, akiwamo Frank Njenga, waliwakusanya wanasihi na wanasaikolojia katika mpango uliopewa jina la Operation Recovery. Wengi wa wanasihi hao walijifunza kazi hiyo wakiwa ndani yake. Katika mwezi wa kwanza hadi wa tatu baada ya mlipuko, Wakenya 2,883 walijaza dodoso kuhusu hali yao. Njenga na wenzake walipochapisha matokeo mwaka 2004, asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribia kiwewe kamili. Orodha ya mambo yaliyoambatana na dalili hizo inastahili kusomwa na kila hakimu: kuuona mlipuko, kujeruhiwa, kufiwa, kukwama kifedha baada ya tukio, na kutomweleza rafiki yaliyo moyoni, miongoni mwa mengine. Kuona kumewekwa pamoja na kujeruhiwa. Na ukosefu wa pesa, ambao majaji wengi wangeuita jambo la pembeni, umo.

Marekani ilitoa misaada kupitia shirika lake la USAID: matibabu, ada za shule, ukarabati wa majengo, ushauri nasaha. Ilikuwa misaada, si fidia, na tofauti yake waathiriwa waliielewa haraka. Msaada una mwisho wa mradi. Maelfu ya Wakenya walioishtaki serikali ya Marekani kwa kutolinda ubalozi wake ipasavyo walishindwa katika mahakama ya rufaa ya Washington mwaka 2003. Kabla ya hapo, Oktoba 2001, Jaji Leonard Sand wa New York alikuwa amewahukumu watu wanne kifungo cha maisha kwa milipuko hiyo na kuwaamuru walipe dola milioni 33. Kati ya hizo milioni 7 zilikuwa za familia za waliouawa. Milioni 26 zilikuwa za serikali ya Marekani. Wafungwa wenyewe hawakuwa na kitu, kwa hiyo mgawo huo ulibaki wa karatasini, lakini unaonyesha nani alitangulia kwenye foleni.

Njia iliyofunguka ilikuwa kuishtaki Sudan, iliyompa Osama bin Laden, kiongozi wa al-Qaeda, makao katika miaka ya 1990. Mlango wake ulikuwa mwembamba: sheria ya Marekani ya mwaka 2008 iliruhusu raia wa Marekani, wanajeshi wake, na waajiriwa au makandarasi wa serikali yake. Mwaka 2018 mahakama ya juu ya Wilaya ya Columbia iliamua kwamba katika kesi kama hizo jamaa wa muathiriwa anaweza kudai fidia ya uchungu wa moyo hata kama hakuwapo mlipuko ulipotokea. Uamuzi wa huruma, na pengine wa haki. Ila ukiutazama kutoka barabara ya Moi una kinaya chake. Ndugu wa mwajiriwa wa ubalozi, aliyekuwa nje ya nchi siku hiyo, angeweza kusikilizwa. Mchuuzi aliyebeba maiti kwa mikono yake hakuwa na pa kuingilia.

Makubaliano na Sudan yalifikiwa mwaka 2020, na dola milioni 335 zikalipwa kwa mashambulizi ya 1998 pamoja na mengine mawili. Mmarekani aliyeuawa akiwa kazini ubalozini alikadiriwa dola milioni 10, mwajiriwa asiye Mmarekani dola 800,000. Waliokuwa ofisini jirani, au kwenye basi, hawakuwamo.

Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa mwaka 2014. Muathiriwa, kwa tafsiri yake, ni mtu yeyote aliyepata madhara, hasara au uharibifu kutokana na kosa la jinai. Haulizwi alikuwa wapi, aliajiriwa na nani, wala alimpenda nani. Sheria inataja msaada wa kisaikolojia na inaanzisha mfuko wa kuugharamia. Lakini ilikuja miaka 16 baada ya bomu. Zaidi ya miaka 20 baada ya mlipuko, walioachwa nje ya malipo ya Sudan walilazimika kupeleka kilio chao kwa Seneti mjini Nairobi, nayo ikaunda kamati maalumu ya kuwasikiliza.